Nitukane Ukifika Juu

Asubuhi ile ya kiangazi Kivukoni palijaa watu kama siku ya gulio. Wanawake wa Mofu walikuwa wamekaa juu ya vikapu vyao vya samaki, wachuuzi wa Mchombe wanagombania kivuli cha lori lililobeba mchele, na pantoni ilikuwa bado ng'ambo, inakuja taratibu kana kwamba haikuitwa na mtu. Mto ulikuwa umeshuka sana, na gema la kuteremkia majini limekuwa refu na kali. Wenye baiskeli wote waliteremka kwa miguu, wameshika usukani kwa mikono miwili.

Wote isipokuwa mmoja.

"Nipisheni! Jamani, nipisheni!"

Apolonia alitokea juu ya gema akiwa juu ya baiskeli ya marehemu baba yake, tenga la samaki wakavu nyuma, kanga yake imefungwa kiunoni kwa fundo, gauni la maua linapepea. Alikuwa amebana breki zote mbili na breki zote mbili zilikuwa zimekataa. Watu wakaruka huku na huku. Kijana mmoja tu hakuruka. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, ananukia udi, na aligeuka kwanza kumtazama anayepiga kelele. Gurudumu la mbele likampiga mapajani. Kijana akaenda chini matopeni, na tenga likamfuata.

"Macho yako yako wapi, dada?" akauliza kutoka chini ya samaki.

"Yako njiani. Wewe ndiye uliyeuleta mwili njiani."

"Hii ni kanzu ya harusi!"

"Harusi si yako. Ingekuwa yako ungekuwa umeshafika." Apolonia alikuwa anaokota samaki wake mmoja mmoja bila haraka; asingempa mtu yeyote pale raha ya kumwona ameshtuka. Halafu akaiona baiskeli ya kijana imelazwa kando. "Alaa! Kumbe ndiye wewe fundi Yunusi! Mwenye baiskeli ya konokono! Juzi nilikupita njiani nimebeba mzigo, wewe huna hata mfuko, miguu inazunguka kama cherehani na baiskeli iko palepale."

Watu wakacheka. Kila mtu Ifakara alikuwa na lake la kusema juu ya baiskeli ile.

"Baiskeli yangu inasubiri mlima," Yunusi akasema, anajifuta tope puani.

"Ifakara ina mlima gani? Au unangoja uote?"

Wakacheka zaidi. Yunusi akainuka, akainama tena, akazishika breki za Apolonia na kuzitazama kwa ghadhabu kama mtu anayemtazama mwizi. "Mpira umeisha. Zitakuua hizi. Njoo barazani kwangu nizibadilishe."

"Kwako? Nitakufa kwanza."

"Ndicho ninachokuambia."

* * *

Baba yake Apolonia, Kelestini, alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwanunua Kivukoni, akawapandisha Mahenge kwa baiskeli, akarudi na maharage. Alipofariki kabla ya masika, Apolonia alilia, akapangusa macho, akalifunga tenga akaenda yeye. Mjini walisema amechanganyikiwa. Kanisani wanawake walimsogelea mama yake, Yosefina, wakamwuliza kwa upole wenye miiba kama binti ataolewa na tairi.

Mavuno yalipokwisha, ukoo ulikaa kuondoa msiba. Mila yao ilikuwa wazi. Chombo cha marehemu hupewa mkono unaoweza kazi yake. Jembe lilikwenda kwa mlimaji, nyavu kwa mvuvi. Ikabaki baiskeli, imeegemezwa ukutani, inang'aa kwa mafuta ambayo Apolonia aliipaka asubuhi.

"Baiskeli ni ya mwanamume," akasema Fulgensi, mdogo wake marehemu, kabla mtu hajamwuliza. "Niletewe mimi."

"Shikamoo, baba mdogo," Apolonia akasema. "Mimi ndiye ninayeifanyia kazi. Nakwenda nayo Mahenge."

"Unaisukuma kwenda Mahenge. Hata toroli husukumwa. Kama mkono wako unaiweza kweli, ipande. Kutoka chini ya mlima mpaka juu, na mzigo wako, bila mguu kugusa ardhi. Hapo nitanyamaza."

Hakuna mtu aliyewahi kuupanda mlima wa Mahenge juu ya baiskeli mpaka mwisho. Wanaume wenye mapaja kama magogo walishuka kwenye kona ya kwanza wakasukuma, wakitema mate.

"Fulgensi," shangazi mmoja akasema, "hata wewe hujawahi."

"Mimi sipimwi. Mimi ni mwanamume."

Mzee Polikarpo, mkubwa wa ukoo, alikuwa amechoka na jua na maneno. Akasema, "Haya. Mpaka gulio la mwezi ujao. Akipanda, yake. Akishindwa, yako." Apolonia akamtazama mama yake. Wote wawili walijua maana yake. Bila baiskeli wasingekuwa na cha kuwalisha, wangehamia uani kwa Fulgensi na kula chakula kilichotiwa masimango badala ya chumvi.

Jioni ile alikwenda barazani kwa Yunusi.

Lilikuwa baraza la duka la baba yake Yunusi, limejaa minyororo, tairi kuukuu na harufu ya gundi ya kuzibia pancha. Mama yake Yunusi, Mwanamkasi, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alimpima Apolonia kutoka utosini hadi kwenye ndala.

"Huyu ndiye aliyeiharibu kanzu?"

"Ndiye, mama," Yunusi akasema.

"Amekuja kuifua?"

"Nimekuja kutengenezewa breki," Apolonia akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Mwanamkasi, na neno lenyewe lilitoka kama mtu anayetema kiini cha ndimu.

Yunusi alizibadilisha breki. Ndipo Apolonia, anatazama pembeni, akamweleza habari ya mlima. Alitegemea kicheko. Yunusi hakucheka.

"Unaupandaje?" akauliza.

"Kama wanavyopanda wote. Najikaza, nakwenda mbele."

"Ndiyo maana wote wanashuka. Usiukabili uso kwa uso. Uzunguke. Unatoka ukingo huu wa barabara unakwenda ule, halafu unarudi. Njia inakuwa ndefu, lakini inalala kidogo."

"Wewe umeupanda?"

"Nimefika kona ya tatu. Mapafu yangu ni ya dukani." Akamtazama miguuni, akaona aibu, akatazama mnyororo. "Wewe una miguu, Apolonia. Nilikuona ukija. Nikasahau kuruka."

"Uongo."

"Nililala matopeni na samaki kichwani, niseme uongo kwa faida gani?"

Tangu hapo kila alasiri walikuwa Kivukoni, kwenye gema, mahali pekee karibu na mji penye mteremko wa kumtoa mtu jasho. Apolonia alipanda, Yunusi alikimbia kando yake anapiga kelele.

"Zunguka! Zunguka, bibi, unakimbilia wapi? Mlima hauhami!"

"Nyamaza! Pumzi yako inanimalizia hewa!"

"Usisimame kitini kama jogoo!"

"Wewe ndiye jogoo! Kelele tupu!"

Wavuvi waliwatukana kwa kuwafukuzia samaki. Wanawake kwenye foleni walisema mtoto wa Kelestini sasa anazungushwa na Mwislamu hadharani. Jumapili moja Apolonia alikuta mtu amemwaga matope juu ya kiti cha baiskeli nje ya kanisa. Akalia kwa hasira. Alasiri ile Yunusi alikisafisha kiti kwa kanzu yake ileile ya harusi, ambayo doa lake halikutoka.

"Mpenzi," akasema taratibu, kama anayejaribu uzito wa mzigo kabla ya kuubeba, "wamalizie hasira zao kwangu. Mimi tayari nimezoea tope."

Apolonia akampokonya kanzu, akamalizia kukisafisha kiti mwenyewe. Lakini hakumwambia asilirudie neno lile.

* * *

Siku moja kabla ya safari, Yunusi alisema, "Niachie baiskeli leo. Nataka kuipitia yote. Uichukue alfajiri."

Alfajiri Apolonia alimkuta Fulgensi amekwisha kufika barazani, amevaa koti lake la khaki, na wanaume wengine wawili wa ukoo na Mzee Polikarpo. Yunusi alimkabidhi baiskeli bila kumtazama machoni. Alikuwa na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Alifungua mdomo, akamwona Fulgensi anamtazama, akaufunga.

"Twende," akasema Fulgensi. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

Kabla hawajafika Kivukoni, Apolonia alijua kuna jambo. Alikanyaga, na baiskeli haikwenda. Miguu ilizunguka haraka, ikazunguka tena, na baiskeli ikajivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini. Barabara ni tambarare kama mkeka, upepo uko mgongoni, na wanaume wakampita mmoja mmoja bila hata kujikaza. Baiskeli ya baba yake, iliyokuwa ikimpita kila mtu Ifakara, ilikuwa imekufa chini yake.

Fulgensi alirudi nyuma makusudi, akaenda sambamba naye. "Naona haina haraka leo."

Apolonia akaendelea kukanyaga.

Pantoni ilipogusa ng'ambo, Yunusi alikuwa naye amevuka. Fulgensi akampiga begani mbele ya wote. "Fundi wangu! Mikono yako ina baraka. Kazi yako nimeiona."

*Fundi wangu.* Maneno yale yalimwingia Apolonia kifuani na kukaa. Alimtazama Yunusi, akimpa nafasi ya kukana. Yunusi akatazama maji.

Njia nzima mpaka Lupiro alikuwa wa mwisho. Jua liliwaka, miguu ilizunguka bure, vumbi la wenzake likamwingia mdomoni. Walilala kwa ndugu wa Mzee Polikarpo, na asubuhi wakafika chini ya mlima. Barabara nyekundu ilipanda mbele yao na kupotea kwenye miti, imechimbwa na mvua, mawe yanatokeza kama magoti. Yunusi alikuja, amekunja mikono ya shati, na kumsogelea.

"Apolonia, mpenzi..."

"Usiniite hivyo!" Alisema kwa sauti, wote wasikie. "Mwongo! Ulikimbia kando yangu siku zote zile, kumbe unanihesabia nitakapoangukia. Baba mdogo wangu ni adui yangu, na anasema wazi. Wewe ni nani? Wewe ni nini?"

"Usiseme sasa. Panda tu."

"Nipande nini? Umeiua!"

"Panda," Yunusi akasema. "Nitukane ukifika juu. Nitukane mpaka uchoke, sitasema kitu. Lakini fika kwanza."

Fulgensi akacheka. "Msikilize fundi, binti yangu. Panda."

Apolonia alifunga kanga yake fundo la pili, akalikaza tenga la samaki nyuma. Alimchukia kila mwanamume aliyekuwa amesimama pale, na yule wa mikono ya mafuta zaidi ya wote. Kwa chuki ile akapanda.

Alijua mahali mlima ulipokuwa ukimkamata siku zote. Hatua chache baada ya mti wa mkuyu, pedali huwa nzito ghafla, kama mtu ameikalia. Alijikaza kuingoja. Akaupita mkuyu. Pedali ikashuka. Nyingine ikashuka. Ilikuwa nzito, ndiyo, mapaja yaliuma, lakini ilishuka, na baiskeli ikasogea. Ileile miguu iliyokuwa ikizunguka bure tambarare sasa ilikuwa inazunguka na mlima unakubali.

Akatazama chini, katikati ya miguu yake, nyuma kwenye gurudumu. Friwili, kile kigurudumu chenye meno kinachovuta mnyororo, haikuwa ya baba yake. Ilikuwa pana, kubwa kama kisosi. Aliijua. Ndiyo aliyoicheka Kivukoni mbele ya watu wote.

*Inasubiri mlima.*

"Ee Mungu wangu," akasema Apolonia, na nusura aanguke kwa aibu.

Hakuanguka. Alizunguka. Kutoka ukingo wa bondeni kwenda ukingo wa mlimani, kisha akarudi, kona ya kwanza, kona ya pili. Wanaume, walioacha baiskeli zao chini na kupanda kwa miguu, walianza kukimbia ili wasimpoteze. Jasho liliziba macho. Hewa ikapoa, ikanukia majani mabichi na moshi wa mashamba ya juu. Kwenye kona ya tatu miguu ilianza kutetemeka na akasikia sauti ya mtu asiyekuwepo inamfokea: unakimbilia wapi, bibi, mlima hauhami.

Kona ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Pale ilibidi aende mpaka ukingoni kabisa kabla ya kugeuka. Na pale ukingoni, amepitia njia ya mkato ya waendao kwa miguu, alikuwa amesimama Fulgensi. Hakucheka tena. Alisimama katikati ya njia yake, mikono kiunoni.

"Nipishe!"

"Shuka, mtoto. Imetosha. Utajiaibisha."

"Nipishe, baba mdogo!"

Hakusogea. Apolonia naye hakusogea. Breki zilikuwa mpya na zingeshika, lakini kushika breki ni kuweka mguu chini. Akapiga kengele, akakaza macho kwenye vifungo vya lile koti la khaki, akaja. Mzee Polikarpo, anahema, alitokea kwenye miti, akamshika Fulgensi kwa mkia wa koti na kumvuta majanini. Gurudumu likapita palipokuwa na viatu vyake.

Barabara ikalala. Apolonia akaendelea kukanyaga mpaka akakiona kibanda cha kwanza cha Mahenge, ndipo akashusha mguu. Akakaa chini palepale, baiskeli mapajani kama mtoto.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume walifika wakasimama mbali kidogo. Fulgensi alikuwa na majani kwenye nywele.

"Ni dawa," akasema. "Dawa za pwani. Baiskeli ile jana haikuwa na uhai, nyote mliona."

"Mguu haukugusa," akasema Mzee Polikarpo. "Baiskeli ni yake."

"Yule fundi alinikubalia kwa kinywa chake!" Fulgensi alifoka. "Nilimwambia alegeze kitu isifike, akasema niachie mimi!" Kisha akasikia alichokisema. Wenzake nao walisikia. Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akatazama mlima. Fulgensi akageuka akaanza kuondoka bila kuaga.

Yunusi ndiye aliyefika wa mwisho kabisa. Alikuwa anasukuma baiskeli yake, shati limemganda mwilini, uso umepauka. Kwenye gurudumu lake la nyuma ilikuwa friwili ndogo, ya baba yake Apolonia.

Alisimama mbele yake. "Haya," akasema akihema. "Umefika. Anza."

"Mbona hukuniambia?"

"Angejua. Alikuwa pale kabla ya jua. Alipoona haiendi akafurahi, nikamwacha afurahi. Ningesema neno moja tu, angedai baiskeli ifunguliwe."

"Ungenikonyeza hata jicho."

"Uso wako haujui kuficha kitu, Apolonia. Hasira yako ndiyo iliyomdanganya." "Nitukane basi. Niliahidi."

Apolonia alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mpumbavu," akasema. "Konokono. Fundi wa pancha. Ulinifanya nikuchukie siku mbili nzima, na mimi sikuweza hata kulala. Jogoo mkubwa wee." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kaa hapa chini kabla hujaanguka."

Yunusi akakaa vumbini. Hawakugusana, watu walikuwa wakitazama.

"Nikuoe," akasema.

"Mama yako ananiangalia kama nzi kwenye maziwa."

"Najua."

"Na padri wetu. Na huyo anayeondoka na majani kichwani. Wote watasimama katikati ya njia."

"Najua. Huo nao ni mlima."

Apolonia akafikiri kidogo, anaizungusha pedali kwa kidole. "Basi tusiukabili uso kwa uso," akasema. "Tuuzunguke. Lakini nakuambia mapema, sishuki."

* * *

Waliuza samaki gulioni. Kuteremka, Yunusi alikata matawi mawili makubwa, akayafunga kwa kamba, moja nyuma ya kila baiskeli, yaburute ardhini na kuzuia mwendo, kama wafanyavyo wachuuzi wote, nao wakashuka kwa vumbi na makelele. Chini waliyatupa matawi kwenye lundo la matawi ya wengine, na barabara ya Ifakara ikanyooka mbele yao.

"Nikurudishie friwili yako ndogo sasa?" Yunusi akauliza. "Spana ninazo."

"Acha."

Wakaenda. Apolonia alikanyaga, miguu inazunguka kama cherehani, baiskeli inajivuta. Wachuuzi wa maharage waliwapita. Mwanamke aliyebeba kuni kichwani akaenda nao sambamba kitambo, akawaacha. Fulgensi, aliyekuwa amepumzika kivulini, akawapita naye, akatema mate kando bila kugeuza shingo.

Yunusi, mwenye baiskeli nyepesi kuliko zote bondeni, alikuwa anabana breki kila mara asimwache.

"Kwa mwendo huu," akasema, "tutafika mwakani."

"Una haraka ya wapi?" akauliza Apolonia.